Kushusha 48V hadi 12V: jinsi ya kuchagua chipu ya rejuleta ya swichi isiyokufa siku ya kwanza

Betri ya 48V imeenea kwenye mifumo ya sola ya nyumba, shule na kambi za watalii, kuanzia Usa River na Njiro hadi Boma Ng'ombe na Pasua. Shida inakuja kwenye vitu vidogo: ruta, kamera za ulinzi, redio ya intaneti ya mnarani, taa ya geti. Vyote vinataka 12V. Ukiviendesha kwa inveta saa 24, inveta yenyewe inakula umeme usiku kucha hata mzigo ukiwa mdogo. Ukichomoa 12V kwenye betri moja kati ya nne za risasi zilizofuatana, hiyo moja itazeeka kabla ya wenzake na kuwavuta wote chini. Rejuleta ya kawaida kama 7812 haifai kabisa. Kwanza haipokei zaidi ya 35V. Pili, hata ingepokea, kushusha 58V hadi 12V kwa 2A kunaacha 46V × 2A, yaani 92W za joto tupu, joto la pasi ndogo.

Kinachobaki ni rejuleta ya swichi: chipu inayokata na kuunganisha umeme mara laki kadhaa kwa sekunde, na koili pamoja na kapasita vinaulainisha. Kazi hii inafanyika vizuri na kwa gharama ndogo. Lakini chipu nyingi hufa kwa sababu moja, nayo ni kwamba mtu alisoma "48V" kwenye betri, akatafuta chipu ya 60V, akaona imebaki nafasi ya kutosha. Nafasi hiyo haipo. Mwongozo huu unaonyesha imeenda wapi, kisha unajenga mfano mmoja hadi mwisho: betri ya lithiamu fosfeti ya seli 16, pato la 12V, mzigo wa 2A (ruta moja na kamera nne).

Andika namba kabla ya kufungua duka

Chukua karatasi, uandike mambo sita: volteji ya chini kabisa ya chanzo, ya juu kabisa ikiwa imetulia, urefu wa waya kutoka betri hadi kifaa, volteji ya pato, mkondo wa juu wa pato, na joto la mahali kifaa kitakapokaa. Fundi anayeanza na jina la chipu badala ya namba hizi atarudi dukani.

Kwa mfano wetu, seli 16 za lithiamu fosfeti zina 51.2V ya kawaida. Zikijaa, chaja inafika 58.4V, na zikiisha tunataka kukata karibu na 40V. Kama betri yako ni ya risasi yenye maji, usiishie kwenye volteji ya kuchaji ya kila siku. Siku chaja inapofanya chaji ya kusawazisha seli inaweza kupanda hadi 62V na kukaa hapo kwa saa nzima au zaidi. Chipu inayotajwa kuwa ya 60V tayari imeshavuka mpaka, ilhali mfumo hauna hitilafu yoyote.

Pikipiki ya umeme ya "72V" nayo inadanganya kwa jina. Ikiwa na seli 20 za lithiamu za kawaida, ikijaa ni 84V. XL7015, chipu ya bei nafuu inayopatikana kirahisi na inayopokea hadi 80V, haitoshi hapo hata kidogo. Tumia ya 100V.

Ukitaka kuchukua umeme moja kwa moja kwenye paneli bila betri, hesabu volteji ya paneli ikiwa haina mzigo, tena asubuhi ya baridi. Paneli mbili za 49.5V zilizofuatana zinatoa 99V kwenye nyuzi 25. Volteji hiyo hupanda takriban 0.28% kwa kila nyuzi moja ya baridi. Julai kule Ngaramtoni, jua likichomoza huku seli zikiwa kwenye nyuzi 10, unapata kama 103V. Chipu ya 100V imeondoka. Hapo ama unahamia chipu za 140V au 150V kama LTC7138 (0.4A) na LTC7801 (inayotumia mosfeti, yaani transista za swichi, za nje), ama, na hili ndilo tunalolipendelea, unachukua umeme wako upande wa betri.

Volteji itakayogusa pini

Hapa ndipo penye kazi hasa, kwa hiyo twende taratibu.

Kila karatasi ya data ina majedwali mawili ya volteji. Moja linataja mipaka ambayo ikivukwa hata kwa nukta moja chipu inaweza kufa. Lingine linataja eneo la kufanyia kazi. Wauzaji wengi mtandaoni hutangaza namba kubwa, ile ya kifo. LM2596 ya kawaida, kwa mfano, huandikwa 45V mahali pengine, ilhali ya kufanyia kazi ni 40V. Wewe soma ya pili, kisha ujiulize ni kitu gani kitapita juu yake.

Kinachopita juu ni mruko wa volteji wakati wa kuunganisha. Chukua waya wa mita 2 kutoka betri, kwenda na kurudi ni mita 4. Kila mita ina takriban maikrohenri 1, hivyo una 4µH kwenye njia. Upande wa kifaa kuna kapasita za kauri, tuseme 4.4µF, ambazo hazina upinzani wowote wa maana. Unapogusisha waya kwenye betri, ile cheche ndogo unayoiona ni mkondo unaokimbilia kapasita tupu. Zikijaa, mkondo ulio kwenye waya haukubali kusimama ghafla; unaendelea kusukuma, na volteji inapanda kupita ya betri. Kwa waya mnene wenye upinzani mdogo inaweza kukaribia mara mbili. Betri ya 58.4V inatoa mruko wa zaidi ya 100V kwa muda wa maikrosekunde chache. Hakuna moshi. Kuna "tik" tu, na chipu ya 60V imekufa kabla hujaondoa mkono. Ya 75V nayo imekufa. Hata ya 100V iko hatarini.

Mita ya kawaida haiwezi kuuona mruko huu, kwani ni mwepesi mno. Ndiyo maana fundi anaapa kwamba alipima 53V na chipu ikafa "yenyewe".

Dawa ni rahisi na wala si ghali: weka kapasita ya elektroliti sambamba na zile za kauri, yenye angalau mara 4 ya ukubwa wake. Kinachofanya kazi hapo ni upinzani wake wa ndani, ambao kwenye saketi nyingine huwa kasoro. Upinzani unaofaa kwa mfano huu ni mzizi wa (4µH ÷ 4.4µF), karibu ohmu 1. Elektroliti ndogo ya 47µF ya 100V ina upinzani wa kukaribia hapo na inaumeza mruko. Usinunue ile ya bei juu yenye upinzani mdogo sana; kwa kazi hii itakuwa mbaya zaidi. Na usiweke ya 63V kwenye mfumo wa 58.4V kwa kubana matumizi.

Baada ya hapo weka daiodi ya kinga ya TVS. Angalia namba zake vizuri, kwa sababu hapa ndipo chipu inapochaguliwa. SMBJ58A inasubiri kimya hadi 58V, inaanza kupitisha umeme kuanzia 64.4V, na ikipigwa na mkondo wake wa juu kabisa inashikilia 93.6V. Betri yetu inapanda hadi 58.4V, kwa hiyo ya kufaa ni SMBJ60A au SMBJ64A. Lakini SMBJ64A ikipigwa kikamilifu inaacha 103V ipite. Maana yake daiodi inayovumilia chaji ya kila siku haiwezi kuilinda chipu ya 60V, wala ya 75V dhidi ya pigo kubwa. TVS na chipu huchaguliwa pamoja. Kwa betri ya 48V sisi tunachukua chipu ya 100V, elektroliti ya kutuliza mruko, na TVS ya 60V kwa ajili ya radi ya mbali na makosa ya mikono. Chipu ya 75V inawezekana kama waya ni fupi na elektroliti ipo, lakini tofauti ya bei haistahili safari ya kurudi kwa mteja Karatu.

Kwenye malori ya 24V hali ni tofauti. Betri ikiachia ghafla wakati alteneta inachaji, mruko usiodhibitiwa unaweza kuvuka 150V na kudumu mamia ya milisekunde, muda mrefu sana kwa SMBJ ndogo. Weka TVS kubwa ya jamii ya SM8S. SM8S33A inashikilia karibu 53V. Hapo chipu za 60V kama LMR16030 (3A) au TPS54360 (3.5A) zinafaa sana.

Ukifikiria kuchukua umeme wa TANESCO wa 230V na kuushusha kwa chipu ya aina hii, acha. Ukigeuzwa kuwa mnyoofu unafika 325V, na chipu zinazouweza bila transfoma, kama LNK304, zinaacha pato likiwa limeungana na umeme wa ukutani. Mtu akigusa waya wa kamera amegusa TANESCO. Nunua adapta iliyotenganishwa.

Chipu zenyewe

Baada ya kujua kwamba unataka 100V na 2A, orodha inafupika yenyewe.

LM2576HV na LM2596HV zinafanya kazi hadi 60V na kutoa 3A. Ni rahisi, zina miguu mitano, zinalehemika kwa mkono, na kila mtu anazijua. Kwa mfumo wa 24V ni nzuri. Kwa 48V zinaishi pembezoni mwa kaburi.

LM5576 inapokea 6V hadi 75V na kutoa 3A. Ni ya siku nyingi, imezoeleka, ina masafa (idadi ya mara swichi inavyowaka kwa sekunde) ya kuchagua mwenyewe kati ya 50 kHz na 500 kHz. Kwa 36V ni chaguo zuri.

LM5164 inapokea hadi 100V, inatoa 1A, na ina mosfeti zote mbili ndani, hivyo haihitaji daiodi ya nje. Kwa ruta moja na redio moja hakuna haja ya kutafuta zaidi. LM5017 ni ndugu yake mdogo, 100V kwa 0.6A.

LM5012 na LM5013 zote ni za 100V, ya kwanza 2.5A na ya pili 3.5A, zikihitaji daiodi ya nje. Kwa mfano wetu wa 2A tunachukua LM5013, ili chipu isifanye kazi ikiwa imebanwa.

Ukihitaji 5A na kuendelea, acha chipu zenye swichi ndani. Nenda kwenye vidhibiti vinavyoendesha mosfeti za nje, kama LM5116 au LM5146, vyote vya 100V. Hapo usanifu wa ubao unakuwa mgumu maradufu. Kama ndio ubao wako wa kwanza, gawanya mzigo kwenye saketi mbili za 2A.

Masafa: usikimbilie makubwa

Masafa makubwa yanapunguza ukubwa wa koili, na ndiyo maana yanavutia. Kwenye volteji ya juu yana gharama mbili.

Ya kwanza ni muda. Swichi inapaswa kuwaka kwa sehemu ya pato gawanya ingizo: 12 ÷ 58.4 ni karibu 0.205. Kwa 300 kHz kila mzunguko una nanosekunde 3333, swichi inawaka 685, hakuna tatizo. Lakini ukitaka 5V badala ya 12V, kwa 1 MHz muda unashuka hadi nanosekunde 86, na kwa 2.2 MHz unabaki 39. Chipu nyingi haziwezi kuwaka na kuzima chini ya nanosekunde 50 au 100. Ikishindwa, inaruka mizunguko: pato linatetemeka, koili inalia kama mbu, na redio iliyo karibu inapata kelele.

Ya pili ni joto. Kila swichi inapogeuka, kwa nanosekunde kama 40 kuna volteji na mkondo kwa wakati mmoja. Hesabu yake: 0.5 × 58.4V × 2A × 40ns × 300 kHz, sawa na 0.7W. Peleka kwenye 1 MHz, inakuwa 2.3W ndani ya chipu isiyozidi ukubwa wa punje ya mahindi. Kwa ubao wa kawaida kila wati moja inaongeza kama nyuzi 40. Sanduku lililofungwa chini ya bati mchana wa Moshi linafika nyuzi 60 bila shida. Kwa 300 kHz chipu yenyewe inapoteza takriban 1W na kukaa kwenye nyuzi 100. Kwa 1 MHz ingevuka 160, yaani ingeweza kujizima na kuwaka, kujizima na kuwaka, na mteja angekupigia kila saa nane mchana akisema kamera zinapotea.

Kaa kati ya 200 na 400 kHz. Tunatumia 300.

Vipande vinavyoizunguka

Koili. Tunataka mkondo wake upande na kushuka kwa karibu 30% hadi 40% ya mzigo. Kanuni ni: pato × (1 − pato ÷ ingizo) ÷ (masafa × mpando). Kwa volteji ya juu kabisa: 12 × 0.795 ÷ (300,000 × 0.8) = 39.8µH. Chukua 47µH, mpando unashuka hadi 0.68A na kilele kinakuwa 2.34A. Usinunue koili ya 2.5A kwa kuona hiyo namba. Pato likipigwa shoti, mkondo unapanda hadi kikomo cha chipu, na koili ikijaa kabla ya hapo inageuka kipande cha waya. Soma kikomo cha juu kabisa cha mkondo kwenye karatasi ya data ya chipu, kisha nunua koili ambayo mkondo wake wa kujaa unakizidi. Chagua yenye kinga ya sumaku, na upinzani wa waya usiozidi 0.1Ω.

Daiodi. Chukua aina ya Schottky ya 100V, 3A au zaidi. Inabeba mkondo kwa asilimia 80 ya muda, kwa hiyo inapoteza 0.8 × 2A × 0.75V, karibu 1.2W. Ndiyo itakayokuwa na joto kuliko kitu chochote kwenye ubao, kuliko hata chipu. Ipe shaba ya kutosha. Daiodi ya 60V itakufa, tena kwa shoti, na chipu itaifuata.

Kapasita za ingizo. Mbili za 2.2µF, 100V, aina ya X7R. Zikipewa 58V hubaki na karibu nusu ya thamani yake. Hiyo ni tabia ya kauri, wala si ubovu. Aina ya Y5V usiiguse. Halafu ile elektroliti ya 47µF ya 100V.

Kapasita za pato. Mbili hadi tatu za 22µF, 25V, X7R. Nazo hupungua, ukihesabu 20µF iliyobaki, mtetemo wa pato ni 0.68 ÷ (8 × 300,000 × 0.00002), kama milivolti 14. Ruta haitajua.

Rezista za kupima pato. LM5013 inalinganisha na 1.2V, hivyo 180k juu na 20k chini zinatoa 12.0V kamili. Rezista ya masafa ni pato × 2500 ÷ kilohezi, yaani 12 × 2500 ÷ 300 = 100k.

Sasa jambo linalowasumbua wengi kwenye chipu za familia hii, LM5017 na LM5164 zikiwemo. Zinaamua lini kuwasha swichi kwa kuangalia mtetemo mdogo kwenye pini ya kupimia. Kapasita za kauri ni safi mno, mtetemo haufiki milivolti zinazotakiwa, na swichi inaanza kuwaka mara mbili mbili kisha kunyamaza. Pato linaonekana sawa kwenye mita lakini koili inalia. Tibu kwa kutengeneza mtetemo bandia: rezista ya 390k kutoka pini ya swichi kwenda kwenye kapasita ya 3.3nF ambayo mguu wake wa pili uko kwenye pato, na kutoka makutano yao kapasita ya 100pF kwenda pini ya kupimia. Vipande vitatu vya senti, na saketi inatulia.

Kulinda betri isiishe kabisa, tumia pini ya kuwasha: inawaka ikifika 1.5V na kuzima ikishuka hadi 1.4V. Kwa 1MΩ juu na 36k chini, chipu inawaka betri ikiwa 43.2V na kuzima ikiwa 40.3V. Pengo hilo la karibu 3V linaizuia kuwaka na kuzima betri inapokaribia kuisha.

Mwisho, fyuzi na ulinzi wa pato. Chipu ikifa, mara nyingi hufa kwa shoti, na 58V zote zinaenda kwenye kamera nne. Weka TVS ya SMBJ13A au SMBJ15A kwenye pato na fyuzi ya 2A kwenye ingizo; TVS italala shoti na fyuzi itakatika. Fyuzi za magari za kawaida zimeandikwa 32V. Kwenye 58V ya mkondo mnyoofu cheche inaweza kuendelea kuwaka ndani ya fyuzi iliyokatika. Tafuta iliyoandikwa 58V DC au zaidi.

Ubao

Kama huna uzoefu wa kuchora ubao, fuata mchoro wa mtengenezaji wa chipu ulivyo, hadi milimita. Jambo moja lisilo na mjadala ni hili: kapasita za kauri za ingizo, pini ya ingizo ya chipu, daiodi na graundi yake viwe karibu kiasi cha kufunikwa na kidole gumba. Mkondo kwenye duara hilo unawaka na kuzima kwa nanosekunde, na kila milimita ya ziada inaongeza mruko kwenye pini ya swichi. Shaba ya pini ya swichi iwe ndogo, rezista za kupimia ziwe mbali nayo na karibu na chipu. Chini ya chipu kuna bamba la kutolea joto: lilehemu kikamilifu na utoboe matundu ya 0.3mm, 8 au zaidi, kwenda kwenye shaba ya upande wa pili. Bamba lisipolehemiwa, chipu inafanya kazi vizuri mezani na kujizima juani. Saketi hii usiijaribu kwenye ubao wa kuchomeka waya, haitafanya kazi.

Kununua

Madukani mjini utapata moduli za LM2596, mara chache za HV, na XL7015. Chipu za 100V utaagiza, kwa Mouser, Digi-Key au LCSC. Agiza tano, kwa sababu usafiri wa moja na wa tano ni uleule. Moduli iliyoandikwa LM2596HV ipime kabla ya kuiamini. Ya kweli inafanya kazi kwa 150 kHz. Weka mita yenye kupima Hz kwenye mguu wa 2, yaani pato la swichi, huku ikiwa na mzigo na ikilishwa 24V. Ukiona karibu 50 kHz, ni chipu nyingine iliyochapwa jina upya, na 60V haina uhakika wowote. Angalia pia kapasita ya ingizo: moduli nyingi zinazodai 60V zimewekewa ya 50V.

Kuwasha mara ya kwanza

Kabla ya umeme, pima kwa mita kama kuna shoti kwenye ingizo na pato, kisha pima upinzani wa rezista za 180k na 20k zikiwa ubaoni, kwa sababu ya 20k ikiwa haijashika, pato litashuka hadi karibu 1.2V, ya 180k ikiwa haijashika, pato litapanda kuelekea volteji ya betri.

Funga globu mbili za indiketa za lori, 24V 21W, zikifuatana kati ya betri na ingizo. Kama kuna shoti zinawaka na mkondo unatulia kwenye kama 0.9A, hakuna kinachoungua. Kama saketi ni nzima zinamulika kidogo na kuzima, na pato linakuwa 12V. Usiweke mzigo mkubwa zikiwa bado zimefungwa, kwa kuwa saketi itavuta volteji chini na kujiwasha na kujizima.

Zitoe. Weka mzigo wa globu moja ya indiketa ya gari dogo, 12V 21W, ambayo inakula 1.75A. Waya wake ukiwa baridi unavuta mkondo mkubwa sana kwa muda mfupi, hivyo chipu inaweza kujikinga na kujaribu tena mara moja au mbili kabla globu haijawaka. Hiyo ni kawaida. Ikiendelea kupiga kwa zaidi ya sekunde moja, koili inajaa mapema.

Pima mkondo wa ingizo betri ikiwa 52V. Kwa pato la 21W unapaswa kuona karibu 0.45A. Ukiona 0.55A, una wati tano za ziada zinazopotea. Gusa daiodi, kisha koili, kwa kipimajoto na si kwa kidole. Baada ya hapo funga ubao ndani ya sanduku lake, liweke juani kuanzia saa nne asubuhi, mzigo ukiwa umewaka, na upime tena pato na joto la chipu saa tisa alasiri. Kisha ndipo uunganishe kamera. Unapofunga kwenye betri, anza na hasi, halafu gusisha chanya mara moja kwa uhakika, bila kuparaza, maana kila mparazo ni mruko mwingine mpya.